Kisima Walichokijaza kwa Ndoo

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa napita getini kwa mtu ninayemchukia, namsalimia kwa heshima zote za Kihaya, kisha namwambia maji yako wapi. Sisemi maji ya ziwa. Hayo hata kipofu wa kwetu anajua yaliko. Nasema maji ya chini, yaliyojificha kwenye jiwe, ambayo yeye aliyafukuza.

Majina sitaandika. Kijiji nacho sikitaji. Kiko upande wa Muleba, ukishapita Buganguzi uulize. Niliishia darasa la nne, lakini najua kwamba ukiandika jina la mtu anakwenda kutafuta wakili, na ukiandika cheo chake na alichofanya anabaki anajikuna. Basi nitaandika vyeo. Wa kwanza ni mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, siku hizi mstaafu, kanisani anakaa benchi la mbele. Wa pili ni mkubwa wa ukoo wetu aliyekubali. Huyo amekufa, nimemwachia Mungu, ingawa ningependa Mungu aniulize kwanza. Wa tatu ni ofisa aliyegonga muhuri bila kupanda mlima. Alihamishwa. Popote alipo, ndoo yake itoboke.

Walichofanya ni hiki. Kwetu nyumba inakaa katikati ya kibanja, ndani ya migomba na kahawa, na nje ya vibanja kuna rweya, yaani nyasi tupu mpaka macho yachoke. Mgeni akiiona rweya anadhani ni ardhi iliyosahauliwa. Haikusahauliwa. Ni ya wote. Huko tunakata majani ya kutandaza chini ya migomba, na huko tunakata majani laini ya kutandika sebuleni mgeni anapokuja, maana mgeni hakanyagi udongo mtupu.

Mwenyekiti alijigawia rweya iliyo juu ya chemchemi yetu. Hakusema ni yake, ana akili. Alisema ni mradi, akasimamisha na kibao. Kibao kilioza, mradi ukabaki wake. Akapanda mikaratusi kuanzia ukingo wa mlima mpaka karibu na pale alipokuwa anateka maji mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Mkubwa wa ukoo aliambiwa miti italeta mvua. Mtu akikuambia miti inaleta mvua utamjibu nini? Hata shuleni tuliimbishwa hivyo.

Miti ilikua upesi. Chemchemi haikufa siku moja. Kwanza ulilazimika kukaa chini ungoje ndoo ijae. Baadaye ukawa unakinga kwa kikombe. Halafu vyura wakahama, na wanawake wakaanza kushuka mpaka kijito cha bondeni, ambako ng'ombe wanakunywa juu na watu wanateka chini.

Kaka yangu akasema tuchimbe kisima. Kuchimba tulikujua. Ardhi yetu imepangwa kama vitanda: juu udongo mwekundu, chini yake mchanga uliolegea, halafu jiwe lenyewe, jiwe la mchanga, ambalo ukilipiga sururu linatoa unga. Maji hayako chini ya jiwe hilo kama watu wanavyodhani. Yamo ndani yake. Limeyashika kama andazi lililochovywa kwenye chai. Hatari ni ule mchanga wa katikati. Ndiyo maana kisima hushushiwa makalavati, zile pete kubwa za saruji, moja juu ya nyingine, kadiri mnavyochimba.

Makalavati yaliletwa na lori, yakawekwa kwa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyekuwa na geti la kufunga. Tulipoufikia mchanga tukaenda kuyachukua, hatukuyakuta. Yalikuwa yamefukiwa kwenye mtaro mbele ya geti lake, lori la mirunda yake, ile miti ya kujengea, lipate kupita.

"Mtapata mengine," alituambia, anatafuna kahawa. "Nyie chimbeni tu. Mchanga wa pale mgumu."

"Umeushika?" kaka akamuuliza.

"Mimi ni mwenyekiti. Kazi yangu si kushika mchanga."

Tukacheka, tukarudi kuchimba. Kyanda, kiangazi chetu, kilikuwa kimeanza, na mke wa kaka alikuwa anapanda kutoka bondeni kila siku na ndoo kichwani na mgongo mbaya. Kaka alikuwa na haraka.

Mchanga haukunguruma. Ulitoa sauti ya mtu anayemimina mchele kwenye gunia. Kaka alikuwa chini anajaza ndoo, mimi nimesimama kwenye ngazi nikizipokea. Alikuwa ananitania kwamba napokea ndoo kama bibi harusi anayepokea zawadi, vidole viwili viwili. Mimi mchanga ulinishika kiunoni ukanivunja mguu. Yeye ulimfunika kabisa. Watu walinitoa mimi kwanza kwa sababu nilikuwa naonekana.

Wakanibeba mpaka hospitali ya Rubya. Kaka akazikwa kwenye kibanja chetu bila mimi. Nilikuwa kitandani, mguu umening'inizwa juu, navirudia vile vyeo vitatu kimoja kimoja mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniuliza kama nasali. Nikamwambia ndiyo.

Mwenyekiti alisema msibani kwamba ni mipango ya Mungu. Halafu, sikiliza hili, makalavati mengine yakapatikana upesi, mafundi wengine wakaja, kisima kikamaliziwa palepale. Maji yakatoka. Kijiji kikanywa. Shemeji yangu, mjane, naye akateka hapo, maana ndicho kisima kilicho karibu na mlango wake. Mara moja tu nilimuuliza anawezaje.

"Shemeji," alinijibu, "unataka ninywe nini?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mimi nilichechemea nikazeeka nusu, yeye mwenyekiti akanawiri. Kitu kimoja tu nilikitaka duniani: atamke kwa kinywa chake, mbele ya mtu, kwamba ni miti yake iliyotukaushia chemchemi na kumpeleka kaka shimoni. Si fidia. Si pole. Atamke.

Miaka ikapita, na kisima nacho kikaanza kushuka. Hapo ndipo akaletwa mtaalamu kutoka Bukoba. Kulikuwa na mpango wa kuchimba kisima kirefu cha mashine, na kabla ya kuchimba walitaka kujua jambo moja: mvua ikinyesha kwetu, kiasi gani kinashuka mpaka kwenye jiwe? Maana mkivuta zaidi ya kinachoingia, mnamaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Alikuwa mama wa rika langu, mzaliwa wa Dodoma, kwao kukavu. Mkutano wa kwanza ulianza kwa Kiswahili ukateleza wote kwenye Kihaya. Akanyoosha mkono akasema, "Jamani, na mimi nionjesheni." Watu wakacheka, tukarudi kwenye Kiswahili.

Mwenyekiti mstaafu alisimama wa kwanza. Yeye alitaka kisima cha mashine kichimbwe na miti yake ibaki. "Mama," alisema, "usihangaike. Jiwe la kwetu ni gumu, halinywi. Mvua ikinyesha yote inateremka ziwani. Chemchemi zilikauka kwa sababu ya jiwe, ni maumbile. Miti haina kosa."

"Inawezekana," mama yule akasema. "Tutaliuliza jiwe."

Alihitaji mtu wa kumwonyesha njia. Nilijipeleka mwenyewe na mguu wangu. Sikwenda kwa kupenda elimu. Nilikwenda kama mtu anayefuata polisi akiwaonyesha mlango wa mwizi.

Aliweka vyombo vya kukinga mvua. Akashusha tepu kisimani, tepu yenye kichwa cha chuma ambacho kikigusa maji kinalia kama simu, naye anasoma maji yako chini kiasi gani. Halafu akatoboa ardhi kwa chuma cha kuzungusha, mahali pawili: ndani ya mikaratusi, na kwenye kipande cha rweya kilichosalia ng'ambo, ambacho mwenyekiti alikiacha kwa sababu kina mawe mengi. Akawa anatia udongo kwenye vifuko.

"Unatafuta nini humo, Mama?"

"Chumvi."

"Kwetu hakuna chumvi. Chumvi tunanunua."

"Mvua inaleta. Kidogo sana, huwezi kuionja. Wewe mchuzi ukiusahau jikoni unakuwaje?"

"Unakuwa chumvi tupu."

"Kwa nini?"

"Maji yameondoka, chumvi imebaki."

"Haya. Mti nao ni jiko. Unakunywa maji, chumvi unaiacha. Nikikuta udongo wa chini una chumvi nyingi, najua juu yake kuna aliyekunywa mvua kabla haijashuka. Nikikuta kidogo, najua mvua ilipita ikaenda zake."

Nilikaa chini kwenye majani makavu ya mikaratusi. Miaka yote ile nilikuwa nimetafuta shahidi kati ya watu, na watu wote wanamwogopa au wanadaiana naye ndama. Kumbe shahidi amelala ardhini hapo hapo, haogopi, halewi, hana shamba la kunyang'anywa.

"Kwa hiyo chumvi itamtaja," nilisema.

Akaniangalia. Nadhani alikuwa ameshaambiwa habari zangu. "Itanisaidia kukadiria, kaka yangu. Usiibebeshe zaidi ya hapo."

Hilo lilikuwa neno lake kila siku, makadirio. Lilinikera. Hakuna njia ya kuingia kwenye jiwe na kuitazama mvua ikifika, alisema. Unapima chumvi, unapima kisima, unapima mvua, kila kimoja kinakupa jibu lenye kasoro zake, halafu unaona kama majibu yanakaa pamoja. Mimi nilitaka hukumu. Yeye alikuwa anatafuta majibu yanayokaa pamoja.

Mwishoni mwa kyanda ilipangwa aje na wakubwa wake, wakione kisima kikiwa chini kabisa kabla ya mvua. Siku moja kabla, mimi nilikuwa Bukoba mjini, Kitendaguro, kwa binti yangu, ili asubuhi nipande gari lao turudi wote. Mwenyekiti alijua sipo.

Jioni ile akapita nyumba kwa nyumba. "Kesho tunapokea wageni wakubwa," akawaambia wanawake. "Mnataka wakute kisima kitupu? Tangu lini mgeni akafunuliwa chungu kitupu?"

Mtu wa kwingine angemjibu kwamba wageni wanakuja kwa ajili ya utupu huohuo. Lakini alijua anasema na nani. Kwetu mgeni hafunuliwi chungu kitupu. Mama yangu akiwa hana kitu na mgeni ameingia, alibandika maji yachemke ili mgeni asikie jiko linafanya kazi. Mwenyekiti aligusa hapo hapo. Wanawake wakashuka bondeni na ndoo, vijana wa bodaboda wakapakia madumu, wakakimwagia kisima maji ya kijito mpaka giza linaingia. Kisha wakakata majani ya rweya wakayatandika kuzunguka kisima chote, kama kwenye nyumba ya harusi.

Asubuhi tulipofika nilisikia harufu ya majani mabichi kabla sijashuka garini. Nikajua kuna jambo. Watu walikuwa wamevaa vizuri. Mwenyekiti alikuwa na koti.

Mama wa Dodoma akashusha tepu. Ikalia mapema. Akaipandisha, akaifuta, akaishusha tena. Ikalia palepale.

"Yamepanda," alisema. "Mwisho wa kiangazi, na yamepanda."

"Mungu ni mwema," mwenyekiti akawaambia wale wakubwa. "Nilisema miti inatunza. Si mnaona?"

Nilidhani shahidi wangu amehongwa. Mama yule aligeuza dumu, akalikalia. "Nasikia kwenu mgeni hapewi ruhusa ya kuondoka bila chai," alisema. Chai ikaletwa, na ndizi za kuchoma. Akanywa polepole. Akashusha tepu. Ikachelewa kulia. Akala ndizi, akauliza habari za senene msimu huu, akashusha tepu tena. Ikachelewa zaidi.

Mwenyekiti akatazama saa. "Waitu, ndugu zangu, mimi niwaache, nina mgonjwa."

"Kaa, mzee," akamwambia. "Chai bado ipo."

Akakaa. Kila tepu ilipolia, ililia chini zaidi. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akishuka ngazi ndani ya ardhi. Jua lilipofika utosini, maji yalikuwa yamerudi karibu na pale alipotegemea kuyakuta tangu mwanzo.

"Nani alijaza?" akauliza, bila ukali.

Wanawake waliyatazama majani waliyotandika. Mimi nikamtazama shemeji yangu, nikaona kwenye pindo la kanga yake tope jeusi. Tope jeusi kwetu liko bondeni tu.

"Basi nawashukuru waliojaza," mama akasema. "Nilikuwa nimeomba gari la maji nije nifanye jambo hili hili, sijalipata mpaka leo. Unamimina maji kisimani, unaangalia jiwe linayameza kwa kasi gani. Mmenifanyia kazi." Akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, wewe uliniambia jiwe hili halinywi. Mbona linakunywa vizuri sana?"

Kuna mtu nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akafunga kifungo cha koti kilichokuwa kimefungwa tayari. Nimeishi na kumbukumbu nyingi mbaya, lakini kifungo kile ninacho kama chakula cha akiba.

Furaha yangu haikufika nyumbani. Nilimfuata shemeji njiani.

"Umembebea maji yule?"

"Sikumbebea yeye. Niliwabebea wageni."

"Na umeyamwaga pale. Pale."

"Najua nilimwaga wapi, shemeji. Kabla ya ndoo ya kwanza nilimwambia mume wangu, nisamehe, kuna wageni." Akahamisha ndoo mkono mwingine. "Wewe unadhani ulizikwa naye peke yako."

Nilimfuata mpaka kwake, nikanywa uji wake.

Baada ya mvua kuja na kwenda, mama wa Dodoma akaitisha mkutano. Alieleza kwa mchuzi na jiko, kama alivyonieleza mimi, na wanawake walikuwa wa kwanza kuelewa. Chini ya mikaratusi chumvi ilikuwa nyingi. Mvua iliyofika kwenye jiwe ilikuwa kidogo mno. Chini ya nyasi za rweya chumvi ilikuwa kidogo, mvua ilipita. Na jiwe lenyewe, sote tuliona siku ya chai, halikatai maji. "Haya ni makadirio," akasema, na mimi nikakunja ngumi. "Lakini majibu yote yanatazama upande mmoja. Hapa juu ya chemchemi, miti inakunywa maji ambayo yangewafikia."

Nikasimama. "Na ilipandwa na nani? Sema na hilo."

"Hilo si la chumvi, kaka."

"Basi nitasema mimi." Nikavitaja vyeo vyote vitatu. Nikataja makalavati na mahali yalipo mpaka leo. Nikataja ndoo na aliyezitembeza nyumba kwa nyumba.

Mwenyekiti alingoja nimalize. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima. "Ndugu zangu, mnamsikia profesa. Darasa la nne, na hilo la nne alimaliza kwa kubebwa. Leo anasoma mpaka mawe." Watu wakacheka, hata wangu. "Ndoo? Ndoo gani? Kuna mtu hapa alibeba maji kwa amri yangu? Asimame."

Alijua hatasimama mtu. Kusimama ilikuwa kukubali mbele ya watu wa Bukoba kwamba ulimdanganya mgeni.

Shemeji yangu akasimama. Hakupandisha sauti. "Nilibeba mimi. Ulikuja mlangoni kwangu ukaniambia mgeni hafunuliwi chungu kitupu. Nikasikia aibu, nikaenda. Lakini chungu hicho, Mwenyekiti, nani alikiacha kitupu?"

Akakaa, akafunika mabega kwa kanga. Yule aliyecheka nyuma safari hii hakukohoa.

Mkutano ukaamua. Mikaratusi ya juu ya chemchemi ikatwe na rweya irudi kuwa nyasi. Lakini mwenyekiti naye ana ndugu, na ndugu zake wakaongeza neno: kama baada ya misimu miwili ya mvua kisima hakijapanda, ardhi irudi kwake apande tena. Hivyo ndivyo haki ilivyo kwetu, inatoka na kamba mguuni. Na miti ilipokatwa, mirunda aliuza yeye. Nililiona lori likitoka, limejaa, likipita juu ya makalavati ya kaka yangu.

Mama wa Dodoma akaniachia tepu. Nipime kila Jumamosi, nimtumie kwa simu. Mimi nikaongeza kazi yangu mwenyewe, ya kupita getini. Nilivuka mtaro juu ya yale makalavati, nikasimama, nikasalimia, nikauliza habari za wajukuu, za migomba, za mgongo wake, kisha nikamwambia maji yako wapi. Kwetu salamu huikatishi. Alilazimika kunisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

Msimu wa kwanza yeye ndiye aliyecheka. Mvua zilinyesha, maji yakasogea kidogo kama mtu aliyeguswa akiwa usingizini.

"Habari za chini, profesa?"

"Bado."

"Karibu tena wiki ijayo. Nimeshaagiza miche."

Nilirudi nyumbani na homa ya hasira. Nikamwambia shemeji: nani atajua nikiongeza kidogo? Kidogo tu kwenye simu. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Ukiongeza," alisema, "utakuwa umejaza kisima kwa ndoo."

Sikuongeza. Nikatuma vile vile yalivyo, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku najiuma.

Msimu wa pili ukaja na mvua za kawaida, si kubwa. Nyasi zilikuwa zimeshika kilima, na visiki vilivyojaribu kuchipua vijana walivikata. Tepu ikaanza kulia mapema. Nilidhani imeharibika. Nikaishusha mara nyingi, nikaitikisa. Wiki iliyofuata ikalia mapema zaidi, na mvua zilipokoma maji yaliendelea kupanda, kwa sababu jiwe halina haraka, linapokea leo linatoa kesho kutwa. Na kwenye chemchemi, pale pa mama yangu, udongo ukaanza kung'aa kwa maji.

Nikavuka makalavati, nikasalimia, nikasema.

"Unapika namba," mwenyekiti akaniambia. "Miaka yote unanitafuta. Unadhani nitaamini tepu iliyo mkononi mwako?"

"Njoo uishike mwenyewe, waitu."

"Nitakuja."

Sikutegemea. Lakini alikuwa na miche kitaluni na ndugu wanaomuuliza, na Jumamosi ile akaja na fimbo yake. Shemeji alikuwepo, anateka. Alitaka kuondoka, nikamwambia abaki.

Huwezi kupima kisima kile umesimama. Mdomo wake uko chini, lazima upige magoti, uinamishe kichwa juu ya shimo. Mwenyekiti akaweka fimbo chini, akapiga magoti kwa taabu. Mimi nilisimama nyuma yake. Kisogo chake kilikuwa chembamba kuliko nilivyokikumbuka. Sitadanganya kwamba sikuwaza. Niliwaza. Niliutazama mkono wangu, nao ulikuwa ukinitazama.

Nikampa tepu. Akaishusha polepole, kichwa ndani, na nilijua anasikia baridi inayotoka humo, ile ninayoisikia mimi usoni kila wiki na kila wiki inanitania kuhusu bibi harusi. Ikalia.

"Soma," nikamwambia.

"Sioni. Macho."

"Shemeji atakusomea."

Shemeji akatua ndoo, akainama kando yake, akasoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anasoma bei ya chumvi. Mwenyekiti alijua ilikuwa ngapi kabla, nilimwambia mwenyewe getini Jumamosi zote zile.

Akabaki amepiga magoti.

"Yamepanda," alisema.

"Tangu lini?"

Nikangoja. Nimengoja zaidi ya hapo.

"Nimekuuliza, Mwenyekiti. Tangu lini?"

"Tangu tukate miti."

Alilisema ndani ya kisima, na kisima kikalirudisha juu. Shemeji alilisikia. Sijui kama aliyepaswa kulisikia hapo chini alilisikia. Mwenyekiti akanyoosha mkono ainuliwe. Mimi sikuutoa wangu. Shemeji ndiye aliyemwinua, akampa na fimbo yake, akarudi kwenye ndoo.

Nilidhani ningeshiba. Nililala mchana mzima kama mtu aliyetoka kilioni, nikaamka bado namchukia, kwa hiyo hilo nalo nalijua sasa.

Kupita getini nimeacha. Tepu nimemwachia shemeji, yeye ndiye anayepima na kutuma. Mwenyekiti hana miche tena, ila hajaacha kutaka kujua. Migomba yake nayo iko chini ya mlima ule ule. Majuzi alinisimamisha njiani, akauliza habari za chini. Nikamwambia sijui. Akitaka kujua maji yako wapi, aende kwa mjane, asimame mlangoni, asalimie mpaka mwisho, kisha aombe.